Sauti Moja, Vyumba Saba

Elvire alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la televisheni, vumbi hadi kwenye nyusi, aliposikia nyayo za Azhar zikiingia sebuleni. Hakuhitaji kugeuka. Ukimpenda mtu miaka mitatu kwa kujificha, utamjua kwa mwendo wake hata akikanyaga zulia.

"Fundi, kazi bado mingi?" Azhar aliuliza kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Apana, patron. Imebaki chumba cha mama yako na kile cha mwisho," akajibu Elvire kwa sauti ya fundi.

Kisha macho yao yakakutana, na kwa muda wa pumzi mbili wakaacha kuigiza. Azhar alikuwa amekonda. Chini ya macho yake palikuwa na weusi ambao haukuwepo wiki iliyopita. Elvire alitamani kunyoosha mkono amguse shavu, lakini kwenye makochi mashangazi watatu walikuwa wakinywa kahawa, na shangazi mkubwa, Salha, hakuwa mtu wa kupitwa na kitu.

"Leo," Azhar alinong'ona huku akijifanya anakagua waya. "Ukimaliza tu, naenda kwa mama. Leo-leo."

Elvire akainamisha kichwa ili tabasamu lake lisionekane.

Walikuwa wamekutana mtaa wa Rohero, katika duka la vifaa vya umeme la marehemu Himid, baba yake Azhar. Elvire alitumwa na bosi wake, Gélase, kuweka mtandao wa duka. Azhar alimshikia ngazi saa nzima, ingawa ngazi ilikuwa imesimama imara kabisa. Siku ya pili akamshikia tena. Siku ya tatu hakukuwa na kazi ya ngazi, na wote wawili wakajikuta wanaitafuta.

Tangu hapo ilikuwa ahadi juu ya ahadi. Nitamwambia mama baada ya Ramadhani. Nitamwambia baada ya arobaini ya baba. Mara moja tu, miaka miwili iliyopita, Azhar alijikaza akamwambia mama yake, Bi Moza, kwamba yuko binti Mkristo wa mtaa wa Kanyosha. Bi Moza akalala siku tatu bila kula, na Azhar akarudi kwenye ukimya. Kwao Elvire nako hakukuwa na nafuu. Mama yake, Concilie, mwimbaji wa kwaya, alimuuliza swali moja tu: "Utaacha ubatizo wako sababu ya mwanaume ambaye hajafika hata kwenye geti letu?"

Ndiyo maana kazi hii ya nyumbani kwao Azhar, Mutanga Nord, ilimpa matumaini. Azhar mwenyewe alimwomba Gélase amtume Elvire na si fundi mwingine. "Nataka mama akuone, akuzoee," alimwambia kwa simu. "Siku ya kumaliza kazi, mi nitasema."

Na kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Himid alikuwa mpiga udi. Kwa miaka mingi alijirekodi nyumbani kwenye kanda kubwa za duara, na alipofariki, binamu mmoja wa Brussels alizichukua, akazisafisha, akazigeuza kuwa mafaili ya muziki wa ubora wa juu kabisa, wimbo mmoja mzito kuliko filamu nzima. Bi Moza, ambaye miguu ilimsumbua, aliomba kitu kimoja tu: amsikie mumewe katika kila chumba atakachokaa. Wifi peke yake ingekwamakwama. Elvire akapitisha kebo darini, chumba baada ya chumba, vyumba saba, na zote akazirudisha kwenye stoo ndogo nyuma ya jiko, ambako aliweka rauta na kisanduku cha kuhifadhia nyimbo. Kila kitu kiliongozwa kwa tableti moja, au kwa simu yenye programu ileile.

Siku sita za kupanda na kushuka. Leo ilikuwa ya saba.

Chumbani kwa Bi Moza pazia lilikuwa limefungwa nusu. Mama huyo alikaa kitandani, miguu imefunikwa kanga, akimtazama Elvire akifunga spika ukutani.

"Unaitwa nani, binti?"

"Elvire, Mama."

"Unatokea wapi?"

Elvire alikaza skrubu iliyokuwa imekwisha kukazwa. "Kanyosha, Mama."

"Kanyosha," Bi Moza alirudia polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi.

Elvire akagusa tableti. Kwanza ulikuja ukimya, lakini ukimya wenye watu ndani yake. Kiti kililia. Mtu alikohoa kidogo na kusafisha koo. Ndipo vidole vikashuka kwenye nyuzi, na udi ukaanza, karibu sana, kana kwamba Himid alikuwa amekaa pale pembeni ya kitanda na viatu vyake amevivua mlangoni.

Bi Moza alishika mdomo.

"Yule," alisema. "Yule kabisa. Alikuwa anakohoa hivyo kila mara. Namwambia Himid, utaharibu kanda, anacheka." Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta. "Miaka yote hii kwenye kaseti zangu sijawahi kusikia anapumua. Leo namsikia anapumua."

Elvire naye akalia. Alimlilia mwanamume ambaye hakumjua, na alilia kwa sababu mkono wa mama wa Azhar ulikuwa umeshika wake na haukuuachia. Kwa dakika chache alijiona mahali ambapo hakuwahi kuthubutu kujiona, mkwe wa nyumba hii, akimsogezea mama mto, akimpunguzia mwanga. Aliogopa hata kusogea, asije akaivunja ndoto.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Bi Moza.

Mwanangu! Elvire alitoka chumbani humo miguu haigusi chini.

Kwenye ukumbi alikutana na Shangazi Salha.

"We fundi, kile chumba cha mwisho ukiweke vizuri sana, eh? Spika mbili. Ndiyo chumba cha bibi harusi."

"Bibi harusi?" Elvire alitabasamu bado. "Bibi harusi gani, Mama?"

"Si Hiba! Mutoto wa kaka yetu wa Maskati. Anafika mwezi ujao na watu wake. Azhar hakukuambia? Ah, wanaume, watakuambia nini." Salha akacheka, akampiga bega kirafiki. "Wee, mbona umepauka? Umekula?"

"Nimekula, Mama. Asante."

Alikiweka chumba hicho vizuri sana. Hakujua alikiwekaje. Mikono ilifanya kazi yenyewe, ikatoboa, ikafunga, ikaunganisha, na yeye akiitazama kama mikono ya mtu mwingine. Kitanda kilikuwa kipya, bado kimevaa nailoni. Juu yake palikuwa na boksi la mashuka.

Umeme ulikatika alipokuwa anakusanya vifaa, na jenereta ikaanza kunguruma nje, nyuma ya stoo. Elvire aliingia stooni na tableti kumalizia jaribio la mwisho. Programu ile ilikuwa na kitufe cha matangazo. Ukikibonyeza, muziki hunyamaza kila mahali na sauti yako hutoka katika vyumba vyote kwa pamoja, ili mama mgonjwa aweze kumwita mtu bila kuinuka. Elvire alichagua nyumba nzima, akabonyeza, alama nyekundu ikawaka. Alikuwa amefungua mdomo aseme "moja, mbili" mlango ulipofunguliwa, Azhar akaingia na kuufunga nyuma yake.

Elvire akaiweka tableti juu ya rafu, kioo kikitazama chini.

"Hiba ni nani?"

Azhar alisimama. Hakuuliza nani amemwambia. "Nilikuwa nataka kukuambia mwenyewe."

"Lini? Nikija kutengeneza spika za harusi yako?"

"Elvire, sha, mpenzi wangu, nisikilize. Ni mambo ya mashangazi. Wamepanga wao na watu wa Maskati, mi hakuna mutu aliyeniuliza."

"Na we ulisema nini walipopanga?"

Nyuma ya ukuta jenereta ilinguruma, na katika chumba kile kidogo, kati ya waya na magunia ya mchele, hawakusikia kitu kingine chochote.

"Ulisema nini, Azhar?"

"Sikusema."

"Miaka mitatu," alisema Elvire. "Mi nimemkatalia mutu aliyekuja kwetu na wazazi wake. Mama yangu amelia mbele yangu. Nimepanda kwenye dari yenu siku saba, najiambia kila msumari ninaopiga unanisogeza. Kumbe nampangia mwenzangu chumba."

Azhar alimshika mabega. "Nakupenda we. Unasikia? Hiba simjui, simtaki. Sijawahi kutaka mwanamke mwingine tangu siku ile ya ngazi. Mi bila we, Elvire, ni mutu anayefungua duka asubuhi na kulifunga jioni, basi. Sitamuoa. Nitamwambia mama sasa hivi kwamba ni we, wallahi ni we. Wakinifukuza tutaanza wawili, hata chumba kimoja, hata Kanyosha."

Elvire aliyatazama macho yake na akaamini. Hilo ndilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko yote, kwamba aliamini. Aliweka paji la uso kwenye kifua chake, akasikia moyo wake ukipiga mbio.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

Shangazi Salha alisimama pale, mtandio umemwanguka mabegani, na nyuma yake wale mashangazi wengine wawili. Azhar alimwachia Elvire kama aliyeshika chuma cha moto.

"Azhar," alisema Salha. "Maneno hayo ulikuwa unamwambia nani?"

"Maneno gani, Shangazi?"

"Hayo! Yametoka kwenye spika. Sebuleni, jikoni, kwenye vyumba vyote. Tumesikia wote. Mama yako amesikia."

Elvire aligeuka taratibu, akainua tableti. Alama nyekundu ilikuwa bado inawaka. Akaizima. Na hata hivyo, ndani ya hofu yake, kitu kilimnyanyua. Imetoka, aliwaza. Mana yanje, Mungu wangu, imetoka yenyewe. Hakuna tena cha kuficha. Sasa aseme tu neno moja.

"Hiba humtaki?" Salha aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. Ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu. "Ni kweli, mwanangu?"

Azhar alimtazama shangazi yake. Akatazama rauta, taa zake ndogo zikimemeta. Akatazama magunia. Alitazama kila kitu kilichokuwemo katika stoo ile, isipokuwa Elvire.

"Ilikuwa essai, Shangazi," alisema.

"Nini?"

"Tulikuwa tunajaribu sauti. Kuona kama inafika vyumba vyote. Unasema maneno yoyote tu, yale yanayokuja mdomoni."

"Maneno yoyote?"

"Yoyote tu."

Salha aligeukia Elvire. Usoni mwake palikuwa na ombi la wazi kabisa, ombi la mwanamke aliyekwisha kuwaalika watu. "Fundi, ni hivyo?"

Sasa Azhar alimtazama. Ndiyo, sasa alimtazama, kwa macho yaleyale ya siku ile ya ngazi, na yalikuwa yakimsihi.

Elvire akaitazama tableti mkononi. "Maikrofoni inafanya kazi, Mama," alisema. "Imefika vyumba vyote."

"Alhamdulillahi!" Salha alishika kifua, akacheka kwa sauti kubwa, na wenzake wakacheka. "Nyinyi watoto mtatuua! Mimi moyo umesimama. Kumbe mwigizaji huyu!" Akampiga Azhar kofi la mgongoni, wakaondoka na kicheko chao.

"Elvire," Azhar alinong'ona walipobaki peke yao. "Haikuwa namna ya kuwaambia. Hivyo, wamevamia... Nipe wiki moja. Moja tu."

Elvire alianza kukusanya vifaa vyake, bisibisi, koleo, kipimo cha kebo, akivipanga mfukoni kimoja kimoja kwa uangalifu wa ajabu, kwa sababu alijua akiharakisha ataanguka. Hakuwa amemaliza Azhar alipotoka na kuuacha mlango wazi.

Ndipo spika ya jikoni ikakohoa, na sauti ya Bi Moza ikatoka humo, nzee na safi. Alikuwa ametumia simu yake, kama Elvire alivyomfundisha alipomaliza kufunga spika yake.

"Fundi. Njoo chumbani kwangu."

Bi Moza alimwambia afunge mlango, na akae. Elvire akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alisubiri matusi, na kwa namna fulani aliyatamani. Matusi angejua la kuyafanyia.

"We ndiye yule wa Kanyosha."

"Ndiyo, Mama."

"Nilishuku ulipolia." Bi Moza alinyoosha kanga juu ya magoti. "Mimi nimemzaa Azhar. Akisema kweli naijua sauti yake, na akisema uongo naijua. Ile iliyotoka hapa ukutani ilikuwa kweli. Spika zako hazifichi kitu, binti. Nimemsikia hata anavyotafuta pumzi. Tangu alipokuwa mdogo sijamsikia akisema kitu kwa moyo hivyo."

Elvire aliinamisha uso.

"Nilikukataa bila kukuona. Dini, watu, ukoo, yote nilisema. Na leo nimelala hapa, namsikia mwanangu anaapa, na nikajiambia: Moza, umezeeka. Akifika mlangoni hapa akaniambia uso kwa uso, nitalia, nitakasirika, kisha nitakubali. Nilivaa mtandio wangu, nikamngoja. Nikamsikia stooni na Salha. Stoo si mbali, na Salha akapita hapa anacheka, akanimalizia: ati ilikuwa essai."

"Mama..." Elvire alishuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti, bila kujua kwamba anapiga magoti. "Mama, mwite. Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia. Aliogopa tu. Akijua umekubali..."

"Akijua nimekubali atakuoa kesho."

"Basi, Mama! Basi!"

"Atakuoa kwa ruhusa yangu." Bi Moza aliweka kiganja juu ya kichwa chake, na kilikuwa chepesi. "Na siku nikifa? Salha akikutukana mezani, atamwomba nani ruhusa ya kukutetea? Watoto wako wakiitwa majina, atasema ilikuwa essai? Nakuambia kama mama, si kama mama yake. Nimekaa na mwanaume aliyenichukua mbele ya watu wote, baba yangu hataki, kaka zangu hawataki. Najua unavyolala usiku ukiwa na mtu wa namna hiyo. Mwanangu si mtu wa namna hiyo. Nampenda, lakini siye."

"Na Hiba?"

"Hiba naye namwonea huruma," alisema Bi Moza, na akageuza uso ukutani. "Sasa nenda, binti. Kazi yako nzuri. Nenda kabla sijabadilika, nikakufanyia ubaya wa kukukubali."

Elvire alibaki pale chini muda mrefu. Alitafuta hasira, hakuipata. Alitafuta kosa katika maneno yale, sehemu moja tu ya kushika na kuvuta, hakuipata pia. Akainuka, akabeba begi lake.

Azhar alikuwa akimngoja getini, akijifanya anaongea kwa simu. Jua la saa kumi lilikuwa kali juu ya ukuta mweupe, na kwa mbali chini ziwa lilikuwa linang'aa.

"Mama amekuitia nini?" aliuliza haraka. "Amekuambia nini?"

Elvire alimtazama vizuri, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya mwisho kabla ya kukirudisha. Ilikuwa sentensi moja tu. *Mama yako amekubali.* Angeisema, Azhar angekimbia ndani, angepiga magoti, angelia, na jioni hii hii mashangazi wangeanza kuzoea. Nyumba ile ingekuwa yake. Sentensi ilikuwa imefika kwenye ulimi, ina joto, ina uhai.

"Ameniuliza namna ya kupunguza sauti," alisema.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Azhar akashusha pumzi ndefu. Mabega yake yakalegea, rangi ikamrudi usoni, akakaribia hata kutabasamu. Alikuwa amepona. Elvire aliuona unafuu ule ukimshukia, na akaelewa kwamba ulikuwa mkubwa kuliko mapenzi yote aliyomwapia stooni.

"Wiki moja," Azhar alisema. "Nitakupigia, sawa? Sha, tusiachane."

"Ingia ndani, Azhar. Mashangazi wako wamebaki peke yao."

Alitoka. Lango la chuma likafungwa nyuma yake. Alitembea na begi begani hadi kwenye kona, na pale akasimama. Ndani ya nyumba umeme ulikuwa umerudi, na udi wa Himid ulisikika ukitoka madirishani, madirisha yote kwa pamoja. Elvire alisimama akisikiliza kama lango litafunguliwa. Alijua halitafunguliwa. Alisubiri hata hivyo, mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza, mpaka mwenye kuuza karanga upande wa pili wa barabara akamuuliza kama amepotea.

Halikufunguliwa.